Maswali ya Wasomaji: Uwanja wa Concorde na Jiwe Lisilo na Upande

Tangu televisheni zionyeshe ufunguzi wa Michezo ya Paralimpiki mjini Paris, jioni ya tarehe 28 Agosti 2024, safu hii imepokea barua nyingi kuhusu uwanja uliofanyiwa sherehe ile, unaoitwa Place de la Concorde. Baadhi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, kwa hiyo tumezikusanya na kuzijibu kwa pamoja katika toleo hili.

*

Mhariri, salamu kutoka Lubumbashi. Ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wamenishinda kwa swali. Katikati ya uwanja ule waliona nguzo ndefu iliyochongoka, yenye maandishi ya Mafirauni. Je, Wafaransa waliiiba? Na kwa nini mahali pa heshima kama pale wasimweke mtu wao wenyewe?
M. K., Lubumbashi

Mwalimu, tuanze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalolifungua la kwanza. Mtu wao walimweka, na kwa kweli uwanja wote ulibuniwa kwa ajili yake. Mwaka 1744 Mfalme Louis XV aliugua akiwa Metz hadi watu wakamkatia tamaa, kisha akapona, na mwaka 1748 viongozi wa mji wa Paris wakaamua kumsimamishia sanamu akiwa juu ya farasi. Uchongaji alipewa Edme Bouchardon. Ramani ya uwanja ilichorwa na Ange-Jacques Gabriel, ambaye aliutwaa uwazi uliokuwa pembeni mwa mji, kati ya bustani ya Tuileries na njia ya Champs-Élysées, akauchimbia mahandaki ya kuuzunguka kwa umbo la pembe nane, na upande wa kaskazini akasimamisha majumba mawili yenye safu za nguzo, yanayofanana kama mapacha. Urefu wake ni mita 360 hivi na upana mita 210 hivi, na hadi leo hakuna uwanja mwingine wa mji wa Paris unaoufikia kwa ukubwa.

Kazi hiyo ilidumu muda mrefu kuliko mapenzi ya watu kwa mfalme wao. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1763, ilhali mchongaji alikwisha kufariki mwaka mmoja kabla, na Louis XV hakuwa tena yule mgonjwa aliyeombewa makanisani. Kwenye kitako cha sanamu waliwekwa wanawake wanne walioashiria fadhila nne, na watu wa mjini, ambao ulimi wao haukuwa na subira, wakatunga utani kwamba fadhila zinakwenda kwa miguu na uovu umepanda farasi. Tarehe 11 Agosti 1792, siku moja baada ya ufalme kuangushwa, sanamu nayo ikaangushwa.

Kitako kilibaki kitupu, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Wanamapinduzi walikiwekea mwanamke mkubwa wa plasta aliyeitwa Uhuru. Plasta haivumilii mvua, na baada ya miaka michache akaondolewa. Wafalme waliporejea, Charles X aliweka mwaka 1826 jiwe la msingi la sanamu ya Louis XVI, yule aliyekatwa kichwa katika uwanja huo huo. Mapinduzi ya mwaka 1830 yakamfukuza Charles kabla sanamu haijasimama. Aliyemfuata, Louis-Philippe, alikuwa katika hali ngumu kuliko wote waliomtangulia. Baba yake alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme aliyejiunga na Mapinduzi, akapiga kura ya kumuua Louis XVI ambaye ni jamaa yake, kisha yeye mwenyewe akauawa katika uwanja huo huo tarehe 6 Novemba 1793. Mtu kama huyo angemsimamisha nani pale katikati? Kila jina la Kifaransa lilikuwa na damu upande mmoja au mwingine. Jiwe lililochongwa zaidi ya miaka 3,200 iliyopita kwa amri ya Firauni Ramesses II halikuwa na ndugu katika Mapinduzi ya Ufaransa, wala halikumdai mtu kisasi.

Sasa kuhusu kuibwa. Nguzo hiyo, inayoitwa obeliski, ilikuwa moja kati ya mbili zilizosimama mbele ya hekalu la Luxor, nayo ilitolewa zawadi na Muhammad Ali Pasha, aliyeitawala Misri kwa jina la Dola ya Uthmaniya. Mwaka 1830 aliwapa Wafaransa zote mbili. Jean-François Champollion, mtaalamu ambaye mwaka 1822 alitangaza kuwa amefumbua maandishi ya picha ya Misri ya kale, ndiye aliyeshauri waanze na ile ya magharibi. Kwa karatasi, basi, huo si wizi. Kwa maoni yangu, hata hivyo, zawadi ya mtawala anayetafuta urafiki wa dola kubwa, juu ya kitu ambacho watu wa Luxor hawakuulizwa habari zake, haiko mbali sana na jina ulilolitumia. Jiwe la pili halikuhamishwa kamwe, na mwaka 1981, Rais François Mitterrand alipoingia madarakani, Ufaransa ililirudisha rasmi mikononi mwa Misri, ingawa lilikuwa limesimama mahali pake muda wote.

Safari ya lile la kwanza inastahili kusimuliwa darasani kwako. Jiwe ni graniti ya Aswan yenye rangi ya waridi, kipande kimoja chenye urefu wa karibu mita 23 na uzito wa zaidi ya tani 220. Ili kulibeba iliundwa Toulon merikebu maalumu iliyoitwa Luxor, yenye tumbo bapa na mikuku mitano, ambayo ilipaswa kuhimili mawimbi ya bahari, kuelea katika maji machache ya Nile, kisha kupita chini ya madaraja ya mto Seine. Iling'oa nanga mwezi Aprili 1831. Ilipofika Luxor, mamia ya vibarua wa Kimisri walitengeneza njia kutoka hekaluni hadi mtoni, kipindupindu kikawaingilia kazini, na mhandisi Apollinaire Lebas akalilaza jiwe kwa kamba na magogo. Kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kulipitisha, walikata kwa msumeno gubeti ya merikebu, wakalivuta jiwe hadi ndani, wakairudishia gubeti mahali pake. Halafu wakangoja. Merikebu ilikuwa imekaa juu ya mchanga mkavu, na haikuweza kuondoka mpaka Nile ifurike, jambo lililotokea mwezi Agosti 1832. Champollion alikwisha kufariki mwezi Machi mwaka huo huo, bila kuliona jiwe lake katika mji wa Paris.

Baharini merikebu ilikokotwa na meli ya mvuke iliyoitwa Sphinx, na mwezi Desemba 1833 ikatia nanga Paris. Tarehe 25 Oktoba 1836, mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 200,000 na Mfalme akitazama kutoka roshani ya jengo la wizara ya jeshi la wanamaji, mamia ya wanajeshi walizungusha winchi za mikono, kamba zikakazika, na jiwe likainuka taratibu hadi likasimama wima. Husimuliwa kwamba Lebas alisimama chini yake muda wote, ili kama litaanguka limwangukie yeye kwanza. Ukikisogelea kitako chake utaona michoro iliyotiwa dhahabu inayoonyesha kamba, nguzo na winchi hizo. Ni maelezo ya kazi yaliyochorwa juu ya kazi yenyewe, nami naipenda kuliko sanamu zote za uwanja ule. Kitako cha asili kutoka Luxor hakikutumika. Kilikuwa na nyani wa mawe waliosimama wima wakionyesha maumbile yao, na wakubwa wa Paris waliona haya kuwasimamisha mbele ya kadamnasi. Kipande chenye nyani hao kimewekwa katika jumba la makumbusho la Louvre.

Louis-Philippe alirudisha fadhila kwa kupeleka Kairo saa kubwa ya mnarani, iliyowekwa katika msikiti wa Muhammad Ali ndani ya ngome. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake saa hiyo haikufanya kazi.

*

Nimesoma kwamba mfalme na malkia wa Ufaransa waliuawa katika uwanja huo. Ni kweli? Na je, pana alama yoyote inayomwonyesha mgeni palipotokea jambo hilo?
Msomaji, Nakuru

Ni kweli. Louis XVI aliletwa kwa gari la farasi asubuhi ya baridi ya tarehe 21 Januari 1793, kupitia barabara zilizojaa askari pande zote mbili. Alivua koti lake mwenyewe, akapanda jukwaa, akaanza kuuhutubia umati kwamba hana hatia. Ngoma zikapigwa. Hakuna aliyesikia zaidi ya maneno machache, na ilipofika saa nne na dakika ishirini hivi kisu cha gilotini, mashine ya kukatia watu vichwa, kikashuka. Malkia Marie-Antoinette alifuata tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo, mikono ikiwa imefungwa nyuma, naye hakuletwa kwa gari la heshima kama mumewe bali kwa mkokoteni wa wazi.

Uwanja huo ulikuwa umemtia nuksi malkia tangu zamani. Tarehe 30 Mei 1770, fataki ziliporushwa hapo kusherehekea harusi yake na mrithi wa ufalme, watu walikanyagana katika njia ya kutokea, na kwa hesabu rasmi wakafa 132. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne.

Zaidi ya watu elfu moja waliuawa hapo. Miongoni mwao walikuwamo Charlotte Corday, aliyemchoma kisu mwanamapinduzi Marat, Olympe de Gouges, aliyeandika tamko la haki za wanawake, Antoine Lavoisier, baba wa kemia ya kisasa, Danton, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi, na mwishowe, tarehe 28 Julai 1794, Robespierre, aliyekuwa amewapeleka wengi wa waliomtangulia. Waliouawa kuanzia mwezi Agosti 1793 walikufa mbele ya yule mwanamke wa plasta aliyeitwa Uhuru, na inasemekana Madame Roland, mmoja wao, alimgeukia akamwambia ni maovu mangapi yanayotendwa kwa jina lake.

Kuhusu alama, pana bamba la maandishi lililolazwa ardhini karibu na obeliski, linalowataja mfalme na malkia. Ni dogo, na mtu anayetazama juu kwenye ncha ya dhahabu, iliyorudishiwa jiwe mwaka 1998, hulikanyaga bila kujua. Wale elfu wengine hawakutajwa.

*

Concorde maana yake nini, na jina hilo lilitoka wapi?
J., Kigoma

Maana yake ni maelewano au masikilizano. Uwanja uliitwa Louis XV, kisha Mapinduzi mwaka 1792, kisha Concorde mwaka 1795, kisha Louis XV tena mwaka 1814, kisha Louis XVI mwaka 1826, kisha kwa muda mfupi Katiba mwaka 1830, na mwaka huo huo ukarudia Concorde. Ndugu yangu, hakuna mtu anayeuita uwanja Maelewano kabla ya kugombana.

*

Mhariri, kuna sanamu za wanawake waliokaa kwenye pembe za uwanja. Binti yangu anasema ni malkia, mimi nasema ni watakatifu. Tuamulie.
Mama A., Bujumbura

Mama, nyote wawili mmekosa, tena kwa heshima. Ni miji. Baada ya obeliski, Mfalme Louis-Philippe alimkabidhi mhandisi wa majengo Jacques-Ignace Hittorff kazi ya kuupamba uwanja uliobaki, na Hittorff akavitumia vibanda vya mawe vilivyoachwa na Gabriel kwenye pembe nane, akaweka juu ya kila kimoja mwanamke anayewakilisha mji mmoja wa Ufaransa. Wamepangwa kama ramani: Brest na Rouen kaskazini magharibi, Lille na Strasbourg kaskazini mashariki, Lyon na Marseille kusini mashariki, Bordeaux na Nantes kusini magharibi. Binti yako akizunguka uwanja mara moja, atakuwa ameizunguka nchi.

Anayesimuliwa zaidi ni Strasbourg, kazi ya mchongaji James Pradier. Ujerumani ilipoutwaa mji huo katika vita vilivyoisha mwaka 1871, watu wa Paris waliifunika sanamu yake kwa kitambaa cheusi na kuirundikia mashada ya maua kama kaburi. Eda ya kwetu ni miezi minne na siku kumi. Ya Strasbourg ilidumu hadi mwaka 1918, mji uliporudi mikononi mwa Ufaransa, yaani miaka 47.

Chemchemi mbili za kurusha maji unazoziona kushoto na kulia kwa obeliski ni za Hittorff pia, na zilifunguliwa mwaka 1840. Ile ya upande wa mto ni ya bahari, ya pili ni ya mito, na watu waliokaa chini ya mabeseni yake ni Rhône na Rhine. Nguzo za taa zimetengenezwa kwa chuma cha kusubu na zina omo za merikebu ubavuni, kwa sababu nembo ya Paris ni merikebu. Yeye ndiye aliyekifanya kile kilichokuwa uwazi wenye historia mbaya kiwe mahali ambapo watu huja kupiga picha, na nadhani ndiyo kazi aliyotumwa.

*

Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni mwanafunzi wa historia kutoka Kilwa Masoko. Mhadhiri wetu alisema utumwa katika makoloni ya Ufaransa ulifutwa kwa amri iliyotiwa saini katika uwanja huo. Naomba ufafanuzi, kwa sababu vitabu nilivyonavyo havisemi.
S. H.

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako yuko sahihi, ila saini haikutiwa uwanjani bali ndani ya moja ya yale majumba mapacha ya Gabriel, lile la mashariki, linaloitwa Hôtel de la Marine. Awali lilikuwa ghala la samani na vito vya mfalme, na humo mwezi Septemba 1792 wezi waliingia usiku baada ya usiku wakachukua johari za taji, pamoja na almasi kubwa ya buluu. Tangu mwaka 1789 wizara ya jeshi la wanamaji ilikuwa imehamia humo, ikakaa hadi mwaka 2015, na wizara hiyo ndiyo iliyosimamia makoloni. Tarehe 27 Aprili 1848, miezi miwili baada ya Louis-Philippe kupinduliwa, serikali ya muda ilitia saini humo amri ya kufuta utumwa, iliyotayarishwa na tume ya Victor Schoelcher, mpinzani wa utumwa. Ilikuwa mara ya pili: Mapinduzi yaliufuta mwaka 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802.

Wewe wa Kilwa unahusika na karatasi hiyo kuliko unavyodhani. Tarehe 14 Septemba 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa, wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka kwa piasta ishirini kila mmoja, na sultani apate piasta mbili kwa kila kichwa. Walipelekwa kufanya kazi katika visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Amri ya Paris ilitangazwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, na zaidi ya watu 60,000 wakawa huru, wakiwamo wengi ambao wao au wazee wao walitoka pwani yetu na Msumbiji. Siku hiyo ni sikukuu kisiwani hadi leo.

Jengo lilifunguliwa kwa umma mwaka 2021, na mgeni anaweza kuingia vyumba vyake vilivyopambwa kwa dhahabu. Ukifika roshani, ile ile aliyosimama Louis-Philippe kutazama jiwe likiinuka, utaweza kumtazama pia yule mwanamke wa Nantes. Mji huo ulikuwa bandari iliyoongoza Ufaransa nzima kwa biashara ya watumwa, na katika sanamu yake hakuna kitu kinachosema hivyo.

*

Nitakuwa Paris kwa siku mbili nikitokea Maskati. Nimeambiwa farasi wa mawe wa uwanja huo ni bandia. Je, pana cha kutazama?
Msomaji, Maskati

Umeambiwa kweli. Farasi wa Marly, walioitwa kwa jina la makao ya kifalme walikotoka, na waliochongwa na Guillaume Coustou, kila mmoja akishikwa kwa nguvu na mtu anayemzuia asikimbie, waliwekwa mwanzo wa Champs-Élysées mwaka 1795. Moshi wa magari na mvua viliila marumaru, na mwaka 1984 waliondolewa, nafasi yao ikachukuliwa na nakala. Wale wenye mabawa wa Antoine Coysevox, kwenye lango la Tuileries, waliwafuata muda mfupi baadaye. Wa asili wako Louvre, mwendo mfupi kwa miguu kupitia bustani, nao wanastahili mwendo huo.

Nenda uwanjani asubuhi na mapema, kabla magari hayajaanza kuzunguka, kwa maana mchana kuvuka hadi kwenye obeliski ni kazi ya mtu mwenye subira. Pia usipite juu tu. Katika kituo cha treni ya chini ya ardhi kiitwacho Concorde, kwenye njia namba 12, kuta na dari vimefunikwa vigae vyeupe, kila kigae kikiwa na herufi moja, kazi iliyokamilika mwaka 1991. Herufi hizo zinaandika Tamko la Haki za Binadamu na Raia la mwaka 1789, lakini hakuna nafasi iliyoachwa kati ya neno na neno, kwa hiyo hata Mwenye Kifaransa chake hulazimika kusimama na kuendelezea herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, huku treni zikimpita.